Kilichotuama chini ya beseni la viazi

Jumamosi iliyopita nilikuwa naandaa chipsi za nyumbani. Nikamenya viazi, nikavikata, nikavitia kwenye beseni la maji visije vikawa vyeusi, nikaenda kuanua nguo. Niliporudi nikavitoa na kuviweka kwenye chujio. Nageuka kumwaga yale maji, namkuta binti yangu wa miaka sita ameinama juu ya beseni, mkono umezama hadi karibu na kiwiko.

"Mama, huku chini kuna kitu kigumu. Lakini nikikishika kinakimbia."

Nilimpa jibu ambalo wengi wetu tunalo mdomoni muda wote: "Toa mkono humo, acha kuchezea maji machafu."

Hakutoa. Alimwita kaka yake wa darasa la tano. Kaka mtu akamwaga maji ya juu taratibu, chini likabaki tabaka jeupe, laini kwa kulitazama. Akalikwangua kwa kucha, likakatika kama chaki. Akalifinya, likawa donge. Akafungua kiganja, donge likalegea na kuchuruzika katikati ya vidole kama maziwa mazito.

"Sasa hiki ni kigumu au ni maji?" mdogo wake akamuuliza.

Wiki ile kijana alikuwa na jaribio la sayansi, na mimi mwenyewe nilimsikiliza akikariri. Akajibu bila kuvuta pumzi: yabisi ina umbo lake, kimiminika hufuata umbo la chombo, gesi husambaa kila mahali.

"Ndiyo, lakini hiki?"

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Hiki hakipo kwenye daftari." Akanawa mikono, akaondoka.

Maneno yale yalinichoma. Mtoto mmoja aliuliza, nikamfukuza. Mwingine alikuwa na jambo la ajabu kiganjani mwake, akaliacha kwa sababu hakuliona limeandikwa. Nikawaita wote wawili warudi, nikawaambia ukweli: "Hata mimi sijui. Tukae tulitafute."

Basi leo, mpenzi msomaji, nakuletea tulichofanya siku ile na siku zilizofuata, pamoja na makosa yetu. Ni jaribio la jikoni lisilohitaji moto, kemikali wala vifaa vya dukani, na mtoto wa miaka minne na wa miaka kumi na mbili wanaweza kulifanya pamoja.

Tulianza kwa kukosea

Cha kwanza nilikwenda kwenye ndoo ya sembe. Nilishasikia kuwa jaribio hili hufanywa kwa "unga wa mahindi", na kwetu unga wa mahindi ni sembe. Tukachanganya kikombe kimoja na maji. Tukapata uji mbichi wenye chengachenga. Ukiupiga kwa kijiko unaruka. Ukiufinya unabaki tope. Hakuna cha ajabu.

Bibi yao, yaani mama mkwe wangu, alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Chakula hakichezewi," akasema. "Kuna nyumba leo hazina hata hicho kikombe."

Alisema haki. Nikaongeza maji, nikaubandika jikoni ukawa uji kamili, nikautia sukari na ndimu, watoto wakaunywa. Kikombe hakikupotea, na somo tulilipata.

Sembe si wanga mtupu. Hata ikikobolewa vizuri, bado ni vipande vidogo vya hindi, na ndani ya kila kipande wanga umeshikamana na protini. Jaribio hili linataka wanga peke yake, punje moja moja, bila pumba wala chenga.

Wanga wa namna hiyo ndio uliokuwa chini ya beseni la viazi. Kisu kinapokata kiazi hupasua seli zake, na punje za wanga humwagika ndani ya maji. Hazivunjiki wala haziyeyuki kwenye maji baridi, na kwa kuwa ni nzito kuliko maji, huzama na kutuama.

Mnachohitaji

Njia ya haraka ni konflawa, ule unga mweupe laini unaouzwa kwenye pakiti, tunaoutumia kwenye kastadi au kuufanya mchuzi uwe mzito. Huo ni wanga wa mahindi uliokwisha kutenganishwa kiwandani. Kikombe kimoja kinawatosha watoto wawili.

Njia ya bure ni maji ya viazi. Ukikata viazi vya chipsi, usiyamwage maji. Yaache yatulie nusu saa, mwaga ya juu, ongeza maji safi, koroga, yaache tena, mwaga tena. Rudia hadi maji ya juu yawe meupe bila udongo. Usitarajie mengi: viazi vya mlo mmoja vinatoa vijiko vichache tu. Ukitaka mengi, mwombe kijana wa chipsi wa mtaani kwenu. Ndoo anayolowekea viazi ina wanga chini yake kila jioni, na mara nyingi unaishia mtaroni.

Mengine ni bakuli, kijiko, maji baridi, sarafu moja, na gazeti la zamani la kutandika mezani.

Namna ya kufanya

Kwanza, weka kikombe kimoja cha konflawa kwenye bakuli.

Pili, ongeza maji baridi kidogo kidogo, huku mtoto akichanganya kwa vidole. Kwa kikombe kimoja cha unga utahitaji karibu nusu kikombe cha maji. Usiyamwage yote kwa mpigo, maana tofauti ya kijiko kimoja inaweza kuharibu kazi.

Tatu, pima kama uko tayari. Gusa uso wa mchanganyiko kwa kidole polepole: kidole kizame. Kisha upige kwa kiganja: usiruke, uhisi kama umepiga mpira. Ukiruka, ongeza unga. Ukipasuka na kubaki mkavu, ongeza maji, kijiko kimoja cha chai kwa wakati.

Kama umetumia wanga wa viazi, mambo ni mepesi zaidi. Mwaga maji yote ya juu, halafu koroga taratibu sana kutoka chini. Ukikoroga kwa nguvu kijiko kitakwama.

Hapo waachie watoto. Nakuomba mzazi mwenzangu uvumilie dakika kumi bila kueleza chochote. Wafinye donge na kulibiringisha haraka kati ya viganja, kisha wasimamishe mikono. Wazamishe vidole polepole, kisha wajaribu kuvichomoa ghafla. Waiweke sarafu juu ya mchanganyiko waone inavyozama. Mdogo wetu aligundua mwenyewe kuwa ukichota kwa kijiko na kukimimina, uzi unaotiririka unaweza kukatika kama kamba ukiuvuta haraka.

Kwa wakubwa wa darasa la nne kwenda juu, kuna kazi ya ziada. Chukua bakuli tatu zinazofanana, kila moja na konflawa kiasi kilekile, lakini maji yatofautiane kwa kijiko kimoja kimoja. Weka sarafu juu ya kila bakuli na uhesabu sekunde hadi imezama kabisa. Andika kwenye jedwali. Hapo mtoto amejifunza kanuni kubwa ya majaribio yote: badilisha kitu kimoja tu, mengine yabaki vilevile, ndipo utajua kilicholeta tofauti.

Kwa nini inakuwa hivyo?

Punje ya wanga wa mahindi ni ndogo mno. Upana wake ni kama sehemu mia moja ya milimita, mwembamba kuliko unywele wako. Kwenye bakuli letu punje hizo zimejazana, na katikati yake kuna maji membamba yanayozifanya ziteleze.

Ukiugusa mchanganyiko polepole, punje zinapata muda wa kupishana. Ukiupiga ghafla, maji yaliyo kati yake yanasukumwa, punje zinagusana, zinakwaruzana na kubanana. Nguvu ya kiganja chako inabebwa na punje zilizoshikana kama ukuta. Ukiacha kusukuma, maji yanarudi mahali pake, ukuta unabomoka, na kitu kinatiririka tena.

Nilipowaeleza hivyo watoto hawakuelewa. Nikawauliza: mmeuona mlango wa daladala saa kumi na mbili jioni? Watu wakipanda mmoja mmoja, gari linajaa na hakuna anayeumia. Wote wakikimbilia mlango kwa pamoja, wanakwama palepale na haingii mtu. Watu ni walewale na mlango ni uleule. Kilichobadilika ni haraka yao. Hapo kaka mtu akasema, "Kumbe wanga nao unagombania siti."

Sasa turudi kwenye swali la mdogo: ni kigumu au ni maji? Jibu ni kwamba ni punje ngumu ndani ya maji, na kwa pamoja zina tabia ambayo maji peke yake hayana. Daftari la kijana halikukosea. Lilianza na vitu vilivyo rahisi kupanga, na dunia ina vingine zaidi.

Isaac Newton wa Uingereza, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687, aliandika kuhusu namna vimiminika vinavyopinga kusukumwa. Tabia hiyo ya uzito wakati wa kutiririka tunaiita mnato. Maji, mafuta ya kupikia na asali nyingi hubaki na mnato uleule hata ukikoroga kwa kasi gani, mradi joto halijabadilika. Hivyo huitwa vimiminika vya Newton. Mchanganyiko wetu hauna utii huo. Mnato wake hupanda kadiri unavyousukuma kwa haraka, kwa hiyo ni kimiminika kisicho cha Newton. Watoto wa Marekani huuita oobleck, jina lililotoka kwenye kitabu cha watoto cha Dr. Seuss cha mwaka 1949.

Na usidhani ni mchezo wa watoto tu. Mwaka 2012 wanafizikia wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Scott Waitukaitis na Heinrich Jaeger, walitoa utafiti kuhusu jambo hili hili katika jarida la Nature. Waligonga mchanganyiko wa konflawa na maji kwa fimbo ya alumini, wakaona chini ya fimbo panajengeka donge gumu linalokua kuelekea chini kwa kasi. Swali la mtoto wa miaka sita lilikuwa bado linawatoa jasho maprofesa.

Vingine vilivyomo nyumbani

Ukishamaliza, tembea na watoto ndani ya nyumba mtafute vimiminika vingine vyenye ukaidi.

Chupa ya tomato sosi: ukiiinamisha haitoki, ukiitikisa inamwagika ghafla. Hiyo ni kinyume cha wanga wetu, maana inakuwa nyepesi ikisukumwa. Dawa ya meno: inatoka ukiibana, lakini ikikaa juu ya mswaki haitiririki. Rangi ya ukutani: inalainika chini ya brashi, ikishapakwa haikimbilii chini haraka. Hata damu mwilini hupita kwa wepesi zaidi inapokwenda kasi.

Walio karibu na bahari wana jaribio jingine la bure. Maji yakipwa, tembea juu ya mchanga uliolowa. Mchanga unaozunguka unyayo wako utaonekana kukauka ghafla. Osborne Reynolds, aliyekuwa profesa wa uhandisi Manchester, alilieleza jambo hilo mwaka 1885: unyayo unazilazimisha chembe za mchanga zisogeane kwa mpangilio mpya, nafasi kati yake zinaongezeka, na maji ya juu yanavutwa ndani. Ni jamaa wa karibu wa kile kilichotokea bakulini.

Mambo ya kuangalia

Usimwage mchanganyiko kwenye sinki. Unatuama kwenye bomba na kuziba. Uanike juu ya sinia juani. Utarudi kuwa unga mkavu ambao mnaweza kuutumia kwa mchezo tena wiki nyingine, au uutupe na taka kavu.

Usiache uliolowa ukae siku nyingi. Kwa joto letu unaanza kunuka upesi. Na ukishachezewa, usiurudishe kwenye chakula.

Wanga mbichi si sumu, lakini si wa kula pia. Mtoto anayetia kila kitu mdomoni akae na mtu mzima. Ukimwagika sakafuni, futa mara moja kwa kitambaa chenye maji, maana unateleza. Kwenye nguo usihangaike: ukikauka unapukutika.

Tumia maji baridi. Ukitumia ya moto, punje zitafura na kushikana, utapata gundi, na haitarudi tena ilivyokuwa. Hiyo ndiyo sababu ya kukorogea konflawa kwenye maji baridi kabla ya kuitia kwenye mchuzi: ukiimwaga kavu, nje ya donge inaiva kabla ndani haijalowa, na mchuzi unajaa madonge.

Aliyekuwa anajua

Jumapili jioni watoto walikuwa wanarudia jaribio kwa wanga wa viazi pale barazani. Mdogo alimpelekea bibi yake donge kiganjani. Nilisubiri kusikia tena kuwa chakula hakichezewi. Bibi akalifinya, akalegeza, akalitazama likichuruzika.

"Huu ni wanga," akasema. "Sisi tulikuwa tunautengeneza wa muhogo, kwa ajili ya nguo."

Akaeleza, na sote tukakaa chini kumsikiliza. Unamenya muhogo mtamu, unaukwangua, unautia kwenye maji, unaukamua kwa kitambaa. Maji meupe unayaacha usiku kucha. Asubuhi unamwaga ya juu, chini unakuta kitu kigumu kama sakafu. "Ukitaka kukitoa haraka kinakugomea. Unakwenda nacho polepole." Kisha unakianika. Siku ya kupiga pasi unachukua kidogo, unakikoroga na maji baridi, unakimalizia na ya moto, unachovya kola za mashati na kanzu. Zinasimama.

Kaka mtu akauliza, "Bibi, ulijua kwa nini kinagoma?"

"Sijui kwa nini. Nilijua namna ya kwenda nacho."

Nimekaa na mama huyu miaka kumi na miwili na sikuwahi kumsikia akilisema hilo. Wala sikuwahi kumuuliza. Jambo ambalo mwanangu aliliacha kwa kuwa halipo kwenye daftari, mikono ya bibi yake ilikuwa nalo tangu akiwa msichana.

Kijana alikwenda ndani, akarudi na daftari lake la sayansi. Alifungua ukurasa wa nyuma kabisa na kumwomba bibi aanze tena, taratibu, toka kumenya muhogo. Aliandika hatua kwa hatua, akiweka namba. Mdogo wake, ambaye ndiye aliyeuliza yote haya, alikuwa amelala mkekani, mikono imekauka nyeupe.

Mzazi mwenzangu, hutakuwa na majibu ya kila swali, na mtoto hatakudharau kwa hilo. Kinachomuumiza ni kufukuzwa mara nyingi hadi akaacha kuuliza. Ukikata viazi wiki hii, kabla hujayamwaga maji, mwite atie mkono. Na kama kuna mzee nyumbani, mwite naye.